Leo Kemunto Amezungumza Mbele ya Baba Yake

Jumatano jioni, nyumbani Sironga.

Mvua imekataa kunyesha. Mvua ya huku kwetu Nyamira, ambayo kila alasiri huja bila kualikwa na kutukuta tumeanika mahindi, leo imekaa huko juu ya vilima ikituangalia tu. Na siku niliyokuwa naihitaji ndiyo hii.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikemea. Tangu asubuhi nilikuwa naomba mvua. Si ya shamba. Niliomba mvua kubwa, ile ya mawe, ije ivunje mkutano wa mtoto wangu mwenyewe.

Mungu hakunisikia. Au alinisikia akaona afadhali anyamaze.

Huu ukurasa nilifunguliwa na Moraa, kitinda mimba wangu, yuko kidato cha tatu, alipochoka kuona nikimtumia dada yake meseji ndefu za wasiwasi. Aliniambia, "Mama, andika huku, ukimaliza utakuwa umepoa." Mimi nilisoma hadi darasa la tano, kwa hivyo wenye masomo yenu mtanivumilia. Na sijawahi kupoa. Naandika kwa sababu mikono yangu ikikaa bure, kichwa kinaanza kutembea.

Dada yake Moraa ni Kemunto, kifungua mimba wangu. Kwa miaka mingi nikiulizwa Kemunto anafanya kazi gani nilikuwa na jibu la neno moja. Mhasibu.

Ah, hilo neno nililipenda. Alisomea uhasibu Kisii mjini, halafu akaajiriwa kwenye kiwanda cha majani chai, akapewa ofisi yenye dirisha na kiti cha kuzunguka. Baba yake alikuwa akipita karibu na kile kiwanda na rafiki yake Mzee Momanyi hata kama hawana shida yoyote ya huko, ili tu amwonyeshe dirisha. "Lile pale, la pazia la kijani. Anakaa humo ndani." Momanyi aliangalia hilo dirisha mpaka akalichoka, lakini ni rafiki mzuri, hakusema.

Uhasibu ni kazi ya amani. Hesabu ikikataa unairudia, hakuna mtu analia. Hesabu haina baba, haina mjomba, haiwezi kukutana nawe sokoni Nyakoe ikuulize mbona ulisema vile.

Halafu akatoka kiwandani, akaenda kwa shirika dogo huko Kisii mjini linalosaidia wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni, ili wazae salama na warudi darasani. Nilijifariji kwamba hata huko anaenda kuwa mhasibu. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kukodi iliyopakana na posho mill, hata akinipigia simu nilikuwa nasikia mahindi ya watu yakisagwa. Lakini kalamu ilikuwa ile ile. Nikatulia kidogo.

Kilichomtoa kwenye kalamu kilianza siku aliyotumwa Keroka kuhakikisha magodoro ya wasichana yamefika kweli, si unajua wahasibu hawaamini mpaka waguse. Alipofika alikuta msichana ameshikwa na uchungu wa kuzaa, wenzake wamekimbia kutafuta muuguzi. Kemunto akaweka mkoba chini. Mpaka muuguzi anakuja, mkono uliokuwa umeshikwa na yule msichana ulikuwa wa Kemunto.

Jioni alinipigia simu. Nilisikia posho mill tu na pumzi yake. Halafu akaniuliza, "Mama, na mimi ulinizaa hivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Na hukuwahi kuniambia."

Ningemwambia lini? Mimi mwenyewe sikuambiwa na mtu.

Tangu siku hiyo akawa anamaliza hesabu zake mapema ili afuatane na wale wanaotembelea wasichana majumbani. Akajua majina ya watoto, akajua nani amefukuzwa na nani analala jikoni. Mama aliyekuwa akiongoza shirika alipostaafu, kamati ikakaa na kusema, Kemunto. Sasa anaitwa mkurugenzi. Hilo neno bado silijui namna ya kulibeba. Nikilisema sokoni, jirani yangu Mama Nyaboke, ambaye tunauza ndizi meza kwa meza, ananicheka mpaka wateja wanageuka.

"Mkurugenzi ndiye nani? Yaani mtoto ameacha dirisha lake aende kuzunguka akiangalia matumbo ya watoto wa watu?"

Namwambia auze ndizi zake. Lakini nikifika nyumbani, hayo maneno nimeyabeba pamoja na kikapu.

Basi, hiyo si sababu ya kuomba mvua. Sababu ni kwamba mkutano wake wa leo ulikuwa hapa Sironga, uwanja wa kanisa letu, na baba yake alisema lazima aende.

Kama wewe si wa huku, wacha nikueleze. Sisi Wagusii tuna kitu tunaita ensoni. Ukisema ni haya, utakuwa umesema nusu. Ni heshima inayokaa kati ya mzazi na mtoto kama ukuta. Baba haingii chumba cha binti yake. Binti hatamki mbele ya baba jambo la mwili, liwe la mwezi, liwe la mimba, liwe la kuzaa. Hata wakijua wote wawili, hawajui.

Kemunto alipopata mimba yake ya kwanza, baada ya ile siku ya Keroka, alikuwa ameolewa vizuri, hakuna aliyekosea mtu. Lakini akija kutusalimia alikuwa anavaa sweta kubwa juani, anazunguka nyuma ya nyumba na kuingilia jikoni. Baba yake naye akimwona kwa mbali anapata kazi ya ghafla kwenye majani chai. Hakuniuliza kitu. Ila siku moja nilikuta mfuko wa wimbi mlangoni pa jikoni, umepepetwa, umekauka vizuri, tayari kusagwa. Sisi hapa mtu akizaa hunyweshwa uji wa wimbi. Hakusema ni wa nani na mimi sikuuliza.

Huo ndio upendo wa baba wa huku. Unaukuta mlangoni.

Na siyo yeye peke yake. Wanaume wote wa rika lake katika ukoo huu ni baba zake Kemunto. Mtoto wangu hapa Sironga ana baba uwanja mzima. Akikosea heshima mbele yao, ni kama amemvua baba yake nguo. Watu hugombana kwa hilo, mbuzi wa kupatanisha huchinjwa kwa hilo, na kuna binti ninayemjua ambaye baba yake alikataa salamu yake mpaka siku mzee huyo alipozikwa.

Hicho ndicho nilichokuwa naogopa. Siyo mkutano kuharibika. Niliogopa baba kukataa salamu ya mtoto.

Jumatatu nilimpigia Kemunto. Nikamwomba azungumze na akina mama peke yao, wazee wapewe chai kwanza waende.

Akaniambia, "Mama, nikizungumza na akina mama peke yao nitakuwa nimewaambia wanaojua."

"Basi zungumza kwa mafumbo."

"Nimejaribu mafumbo kwingine. Wanaitikia, wanapiga makofi, wanaenda nyumbani, na msichana anabaki jikoni."

Nikamuuliza kama hamwogopi baba yake. Akasema anamwogopa sana, lakini kama anaweza kusema haya Keroka Ijumaa kwa baba za wengine na hapa kwao ameshindwa, basi arudi kwenye kalamu.

Kwa kweli hapo nilitaka kusema, rudi. Neno lilifika mdomoni. Nikakohoa.

Nikageukia upande wa baba yake. Leo asubuhi nilimwambia ng'ombe ana kupe wengi, aende Keroka kununua dawa. Alikuwa anapiga koti brashi. Akasema, "Mama Kemunto, hao kupe tumekaa nao wiki nzima, hata wao hawana haraka." Akavaa kofia. Sikuweza kumwambia kinachokuja. Ningemwambiaje? Anajua mtoto anasaidia wasichana warudi shule, na kwake hilo ni jambo la vitabu na sare.

Uwanja ulijaa. Ilikuwa tenti nyeupe ya kukodi, yenye turubai linaloning'inia nyuma na pembeni. Akina mama tulikaa upande huu, wazee upande ule, vijana wamesimama kwenye ua. Spika zikapimwa, moja mbili, moja mbili, halafu stima ikapotea. Nikasema asante Bwana, sasa wataahirisha. Kemunto akaweka maikrofoni chini akasema tutasikizana hivyo hivyo.

Mzee wangu alikuwa mstari wa mbele, kofia kwenye goti, Momanyi kando yake. Kila anayepita anaambiwa, "Huyo ni wangu."

Kemunto alianza vizuri. Alisalimia wazee kwanza, akashukuru kanisa, akasema jinsi msichana aliyezaa anaweza kurudi darasani na kumaliza. Wazee wakatikisa vichwa. Nilimsikia Momanyi akisema, "Unaona mtu aliyesoma." Nikaanza kupumua. Mama Nyaboke akanifinya paja. "Bado. Ngoja."

Kemunto akasema, "Sasa nitawaambia habari ya msichana mmoja. Si wa hapa, kwa hivyo msiangaliane."

Nikaweka mkoba mapajani nikaushika kwa mikono miwili kama unataka kukimbia.

Unajua, alikuwa anazungumza Kigusii. Kwa Kiswahili neno la mwili ni kama neno la hospitali, unaweza kulisikia likapita. Kwa Kigusii linakukuta umekaa. Hata mimi hapa naandika Kiswahili kwa sababu hiyo. Kwa lugha yangu nisingefika hata nusu.

Akasema msichana huyo alificha mimba ndani ya sweta. Niliposikia sweta nikainamisha kichwa. Akasema mama wa msichana alikuwa ameenda matanga mbali, na siku hiyo uchungu ukamshika jikoni. Baba yake alikuwa hapo nje anaosha pikipiki. Kati ya msichana na pikipiki palikuwa na mlango wa jikoni tu.

Hapo kwa neno la uchungu, mzee wangu alikohoa. Kemunto alisikia hicho kikohozi, nilimwona. Alishika ncha ya leso yake, akaendelea.

Akasema msichana aling'ata leso asisikike. Akasema damu ilianza.

Mzee wangu akasimama.

Sijui niseme moyo wangu ulifanya nini. Nilichojua ni kwamba imekwisha, mtoto hatakanyaga kwetu tena, na mimi nitakuwa namwona sokoni kama wezi wanavyoonana. Watu wote walimwangalia mzee. Yeye hakumwangalia mtu. Akavaa kofia, akainama, akashika kiti chake cha plastiki kwa mgongo, akatoka nacho.

Kiti?

Mtu anayeondoka kwa hasira haondoki na kiti.

Nikamfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya tenti. Kemunto alikuwa ananiangalia mimi kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo amevunja kitu. Na mimi nilikuwa naangalia chini. Kwa sababu turubai la tenti halikufika chini kabisa, lilikuwa limeacha nafasi, na katika ile nafasi nikaona miguu minne ya kiti ikitua, halafu viatu viwili vya kahawia vikijipanga. Viatu hivyo navijua. Kamba moja ni ya kahawia na nyingine ni nyeusi, nilimwekea mwenyewe.

Alikuwa amekaa nyuma ya kitambaa. Amegeukia huku kwetu.

Yaani alikuwa ametoka. Na alikuwepo.

Nikamwonyesha Kemunto kwa mdomo, hivi, kama tunavyoonyeshana jambo bila kidole. Akatazama. Akaona. Akafunga macho kidogo tu.

Halafu Momanyi akasimama, akachukua kiti. Akafuata mzee mwingine, na mwingine. Ilikuwa kelele ya viti tu, kama watu wanahama. Muda si muda upande wa wazee ulikuwa mtupu na chini ya turubai kulikuwa na viatu vimejipanga, vya ngozi, gumbuti, na kandambili za yule mzee wa miguu mibaya.

Kemunto akageuka akatukabili sisi akina mama, turubai likawa ubavuni mwake, na akainua sauti kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akatuambia yote. Hakuficha neno. Akasema msichana alipona kwa sababu jirani alikuja kuomba moto. Mtoto hakupona. Akasema baba wa yule msichana si mtu mbaya, alimlilia mjukuu ambaye hakujua yupo, na akawa anawauliza watu swali moja tu, mbona hakunigongea hata mlango.

Akina mama walikuwa wanalia. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi ya kuangalia viatu. Havikusogea.

Akauliza kama kuna swali. Halafu kutoka nyuma ya turubai ikaja sauti ya mwanaume, nzito, haielekezwi kwa Kemunto.

"Nyinyi akina mama. Muulizeni mgeni wenu. Kama mama ya msichana hayupo, aambiwe nani?"

Tukaangaliana. Mama Nyaboke, na huyu mwanamke Mungu alimpa mdomo kwa sababu, akasimama akajifunga leso vizuri. "Mgeni, kuna upepo hapa nyuma unauliza kama mama ya msichana hayupo aambiwe nani."

Watu wakacheka, hata turubai likacheka.

Kemunto akasema, "Mwambie upepo, aambiwe yeyote aliye karibu. Na aliye karibu asianze kuuliza mimba ni ya nani. Atafute gari."

"Upepo, umesikia?" akasema Mama Nyaboke. "Kwanza gari, matusi baadaye."

Wakacheka tena. Halafu sauti nyingine ikaja, ya chini. Hiyo sikuhitaji kuambiwa ni ya nani, nimelala kando yake miaka yote ya ndoa yangu.

"Na kama aliye karibu ni baba yake?"

Mama Nyaboke hata yeye hakurudia. Hakukuwa na haja.

Mtoto aliyezoea hesabu ana jibu la kila kitu, ukimuuliza atakwambia palipopungua na kwa nini. Leo alisema, "Hilo sina jibu. Nikilijibu mimi nitakuwa nimekosea. Naomba baba wenyewe walitafute."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa kuomba akaitwa, akafunga mkutano kwa sala.

Wakati wa chai na mandazi wazee walianza kutokea mmoja mmoja kutoka pembeni, kila mmoja na sababu yake. Momanyi alisema alikuwa ameenda kuangalia kama mvua inakuja. Mwingine aliulizia kama mkutano umeanza. Mzee wangu alikuja wa mwisho, ameshika kofia. Mimi nikasahau kumeza. Alienda moja kwa moja hadi kwa Kemunto kama mtu ambaye amefika sasa hivi kutoka safari.

"Umefika salama?"

"Nimefika, Tata."

"Barabara ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

Akampa mkono. Akaushika kuliko salamu inavyohitaji. Halafu akaenda kutafuta chai.

Kemunto aliondoka na gari la shirika kabla giza halijaingia. Alinikumbatia akaninong'oneza, "Mama, nilidhani nimemmaliza." Nikamwambia aende, barabara inateleza. Haikuwa inateleza, mvua haikunyesha.

Sasa niko hapa kwenye kiti cha jikoni na bado sijatulia. Nilidhani nikirudi nyumbani nitakuwa mwepesi. Lakini najiuliza, Ijumaa anaenda Keroka. Wazee wa huko si baba zake, hawatabeba viti. Wakiondoka watakuwa wameondoka. Akitukanwa huko nani ataona viatu? Na je, kesho sokoni watasema nini? Na bado, naomba nisihukumiwe, bado nalitamani lile dirisha la pazia la kijani. Leo nimemwona mtoto wangu akishika uwanja mzima bila maikrofoni na nimejivuna hadi kifua kikauma, na papo hapo nilitaka kumfungia ofisini na kumpa daftari zake. Vyote viwili viko ndani ya mtu mmoja. Sijui vinakaaje.

Mzee hajasema lolote kuhusu mkutano. Wakati wa kula nilimuuliza ulikuwaje. Akasema, "Kulikuwa na upepo mwingi."

Baada ya kula alienda kumfungia ng'ombe. Zizi liko karibu na jikoni, kila kitu kinasikika. Moraa alikuwa hapa ndani akiosha vyombo, mimi nikichambua mboga za kesho. Tukamsikia anaongea na ng'ombe. Anaongeaga naye, lakini leo alikuwa anaongea kwa sauti ya kanisani.

"Wewe ng'ombe, nisikize. Katika boma hili, mtu akiwa na shida ambayo haisemeki, na mama yake hayupo, achukue sufuria agonge. Agonge tu. Mimi sitauliza ni shida gani. Sitaingia huko jikoni. Nitaita gari la Momanyi nisimame barabarani, nigeuke upande mwingine. Umenisikia?"

Ng'ombe alikuwa anakula.

Moraa aliacha kuosha. Aliniangalia, macho makubwa, nami nikaangalia mboga. Shida kama hiyo hana, namjua mtoto wangu. Nafikiri namjua. Mama wa yule msichana naye alifikiri hivyo. Halafu Moraa akarudi kwenye vyombo, polepole, na hatukusema kitu, kwa sababu hatukuwa tumesikia kitu.

Nilikuwa nimeanza kuandika haya wakati kifuniko cha sufuria kilipomteleza Moraa mkononi. Kikaanguka sakafuni, kikazunguka, si unajua vifuniko, mlio wake hauishi.

Kabla hakijatulia nilisikia mlango wa nyumba kubwa, mbio kwenye uwanja, halafu kimya. Nikachungulia. Mzee wangu alikuwa amesimama karibu na lango, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, tochi imewashwa, simu sikioni, ametupa mgongo.

"Ni kifuniko tu, Baba Kemunto!" nikamwambia. "Kimeanguka!"

Hakugeuka mara moja. Nilimsikia akisema kwenye simu, "Momanyi, lala. Lakini usizime simu." Akavaa kiatu cha pili pale pale alipokuwa, akasimama kidogo akiangalia barabara, halafu akarudi ndani bila kupitia jikoni.

Moraa anacheka na kulia, sijui ni kipi zaidi. Nimemwambia vyombo vilivyobaki aviache. Tutaviosha asubuhi, kukishakucha, wakati baba yake ameenda kuchuma chai.

Maana sasa mimi nauliza, nani atalala katika nyumba hii, na sufuria ziko nyingi hivi?